Kasi, mwendo na mchapuko: Maneno tunayoyachanganya barabarani

PUNGUZA MWENDO. Maneno haya mawili yameandikwa kwenye alama nyingi za barabara zetu, na sijawahi kukutana na dereva aliyedai kwamba hayaelewi. Kila mmoja anajua anaombwa afanye nini, hata yule asiyetii. Lakini hebu msomaji ajiulize: hicho kinachopunguzwa ni kitu gani hasa?

Mwendo, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ni mambo manne au matano. Ukiniambia kwamba kutoka Odeon hadi Kikuyu ni mwendo mrefu, unazungumzia umbali. Ukisema ni mwendo wa saa moja, hasa jioni ya mvua, unazungumzia muda. Ukisema gari linakwenda mwendo wa kobe, unazungumzia wepesi au uzito wa kwenda kwake. Na ukisema kwamba mwendo wa kijana fulani haukupendezi, umeshatoka barabarani kabisa, unazungumzia tabia. Alama ya barabarani haikuombi upunguze umbali, wala muda, wala tabia (ingawa hili la mwisho lingetufaa sana). Muktadha ndio unaotuokoa, na lugha zote za wanadamu huishi kwa kutegemea muktadha.

Taabu huanza pale muktadha unaposhindwa kutuokoa. Chukua neno kasi. Ni nomino tunaposema "kasi ya gari", na ni kielezi tunaposema "gari linaenda kasi". Katika taarifa za ajali tunasoma kwamba basi "lilikuwa likienda kwa kasi", kwamba dereva "aliongeza kasi", au kwamba lori "lilipunguza kasi ghafla". Sentensi ya kwanza inaeleza hali. Mbili zinazofuata zinaeleza badiliko la hali hiyo. Hali na badiliko la hali si kitu kimoja, kama vile utajiri si sawa na kutajirika: mtu anaweza kuwa tajiri huku anafilisika, na maskini anaweza kuwa anatajirika. Leo nataka nishughulikie hilo badiliko. Mtu anapovuka barabara pale Kangemi, kufika kwake ng'ambo hutegemea kasi ya gari linalomjia, na hutegemea pia jinsi kasi hiyo inavyobadilika. La kwanza tumelizoea. La pili hatuna mazoea hata ya kulitaja kwa jina.

Jina lenyewe lipo. Wanaistilahi walituachia neno mchapuko, na limo kamusini kwa miaka mingi sasa. Wenzetu wa Tanzania walianza kazi hii mapema. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mchapuko umetokana na kitenzi chapuka, ndugu yake chapua, yaani kuongeza wepesi wa mwendo, kama katika kuchapua hatua. Hata mtoto wa chekechea anamjua jamaa mwingine wa ukoo huo: chapuchapu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba neno hili ni la kubuniwa ofisini na kwamba halina mizizi. Kilichokosekana ni sisi kulitumia.

Mchapuko ni kipimo cha jinsi kasi inavyobadilika kadiri muda unavyopita. Gari likitoka kasi ya mita 10 kwa sekunde hadi mita 14 kwa sekunde, na mabadiliko hayo yakachukua sekunde 2, basi kila sekunde limejiongezea mita 2 kwa sekunde. Mchapuko wake ni mita 2 kwa sekunde kwa kila sekunde. Wanafunzi hujikwaa hapo kwenye sekunde mbili zilizofuatana. Wanadhani mwalimu amerudia neno kwa bahati mbaya. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinatupa njia ya kuzitenganisha: "kwa sekunde" ya kwanza ni ya kasi, na "kwa kila sekunde" ya pili ndiyo inayotuambia badiliko hilo hutokea mara ngapi. Gari likiwa linapunguza kasi, mchapuko unakuwa hasi, tunautia alama ya kutoa. Na kwa kuwa tunazungumzia mwendo wa mstari mmoja tu, mbele na nyuma, alama hiyo inatutosha. Ichukulie Waiyaki Way kuwa uzi ulionyooshwa kutoka Museum Hill, upite Westlands, ufike Kangemi na Uthiru. Gari halipindi, halipai. Linajongea tu juu ya uzi.

Mimi si mwanafizikia. Nilisoma hisabati hadi kidato cha sita, katika mfumo ule wa zamani, kabla isimu haijaniteka. Lakini nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na walimu wa fizikia ambao husomea pia Kiswahili (wapo, wachache) hunisimulia jambo lilelile. Kidato cha tatu, kwenye mada ya mwendo wa mstari, mwanafunzi hupewa kanuni kama vile v = u + at, yaani kasi ya mwisho ni sawa na kasi ya mwanzo ukijumlisha mchapuko mara muda. Anazikariri kwa Kiingereza, anazipachika kila mahali, na anapata alama zake. Kuna sharti linaloambatana na kanuni hizo: zinafaa tu iwapo mchapuko haubadiliki. Sharti hilo liko kitabuni, kwenye sentensi moja fupi. Mwanafunzi hulipita kama matatu inavyopita kituo kisichokuwa na abiria.

Hatumlaumu. Mwendo wenye mchapuko usiobadilika una historia yenye heshima. Galileo aliuchunguza kwa kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa, na mwaka 1638 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa kiwango kilekile katika kila muda ulio sawa. Hata yeye hakufika hapo kwa urahisi. Katika barua aliyoiandika mwaka 1604 alikuwa bado anaamini kwamba kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kulingana na umbali kilioanguka, si kulingana na muda. Kama mtu kama huyo alihangaika kutenganisha umbali na muda ndani ya wazo la mwendo, sisi ambao neno letu mwendo linabeba vyote viwili tuna haki ya kuomba msaada wa istilahi.

Jiwe linaloanguka ni mtiifu. Matatu si jiwe. Itazame inavyoondoka Westlands. Dere anaingiza gia ya kwanza, gari linaruka mbele. Anakanyaga klachi, mchapuko unakatika. Gia ya pili inaingia, mchapuko unarudi, lakini si mkali kama wa kwanza. Klachi tena. Gia ya tatu, mchapuko dhaifu zaidi. Barabara inapanda kuelekea Kikuyu, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo injini inavyobakiwa na nguvu kidogo ya kuiongeza. Ukiichora hadithi hiyo kwenye karatasi ya grafu, mstari wa mchapuko utafanana na meno ya msumeno yanayozidi kuwa mafupi. Hakuna mahali ambapo kanuni ya kidato cha tatu inakaa vizuri, isipokuwa kwenye kipande kifupi sana cha muda.

Na hapo kwenye kipande kifupi ndipo penye ufunguo. Wengine wenu mnakumbuka kile kifaa cha maabara kinachodonoa vidoti kwenye utepe wa karatasi, vidoti 50 kila sekunde. Utepe unavutwa na kigari kidogo. Vidoti vikikaribiana, kigari kilikuwa polepole; vikiachana, kilikuwa mbioni. Ukiukata utepe huo vipande vya vidoti vichache vichache na kuvisimamisha kimoja kando ya kingine, unaiona kasi ikipanda na kushuka kama ngazi. Ndani ya kila kipande unaweza kujifanya kwamba hakuna kilichobadilika. Kisha unavijumlisha vyote. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo uongo wako unavyokuwa mdogo, hadi mwishowe unatoweka. Hisabati yote ya mwendo wenye mchapuko unaobadilika ni huko kujumlisha tu: ujumlishe vipande vya mchapuko upate kasi, ujumlishe vipande vya kasi upate umbali. Vitabu vya chuo kikuu vina alama ya kutisha ya kufanya hivyo, lakini kazi yenyewe haina tofauti na mama mboga anayejumlisha mauzo ya siku nzima shilingi kwa shilingi.

Sasa tuende barabarani na hesabu yetu. Tuseme matatu tatu zinashuka kutoka Uthiru kuja mjini, zote kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Nimechagua 72 kwa sababu ni sawasawa na mita 20 kwa sekunde, na kwa sababu iko chini ya zile kilomita 80 kwa saa ambazo kidhibiti mwendo huruhusu. (Kidhibiti mwendo ni jina la karatasini, watu wanakiita gavana, na kilikuwepo kwenye matatu kabla hatujawahi kupiga kura ya gavana wa kaunti.) Madereva wote watatu wanamwona mtu barabarani, mita 40 mbele. Wote wanakanyaga breki papo hapo, na wote wanachukua sekunde 5 hasa kusimama kabisa. Kasi ya mwanzo ni moja. Kasi ya mwisho ni moja, sifuri. Muda ni mmoja. Kwa hiyo wastani wa mchapuko nao ni mmoja: kila mmoja amepoteza mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukiwauliza polisi, au mwandishi wa habari, au hata mwanafunzi wa kidato cha tatu, watakwambia kwamba madereva hawa wamefanya jambo moja.

Dereva wa kwanza anashika breki kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Kanuni ya kitabu inamfaa. Atasimama baada ya mita 50. Alipofika pale kwenye mita 40, alipo yule mtu, alikuwa bado anakwenda karibu kilomita 32 kwa saa.

Dereva wa pili anaanza kwa kugusa breki kidogo, akidhani mambo yatajipa, kisha anaongeza nguvu taratibu, na mwishoni anakandamiza kwa miguu miwili. Mchapuko wake hasi unaanza sifuri na kupanda hadi 8. Baada ya sekunde ya kwanza kasi yake imeshuka kutoka mita 20 hadi 19.2 tu. Baada ya sekunde ya pili, 16.8. Sehemu kubwa ya kusimama kwake ameiweka mwishoni, na kufikia wakati huo barabara imeshaliwa. Atasimama baada ya karibu mita 67. Kwenye mita 40 alikuwa anakwenda karibu kilomita 59 kwa saa.

Dereva wa tatu anafanya kinyume. Anaanza na 8, kisha analegeza kidogo kidogo hadi sifuri. Baada ya sekunde moja ameshashuka hadi mita 12.8 kwa sekunde. Baada ya mbili, 7.2. Anasimama baada ya mita 33 na kitu. Yule mtu aliyekuwa barabarani ameshtuka, ametukana, na amevuka.

Mita 67 na mita 33. Ya kwanza ni mara mbili ya ya pili, ilhali kasi ya mwanzo, muda na wastani havikutofautiana hata kidogo. Nilimpelekea mwenzangu wa Chiromo hesabu hii aikague, akacheka na kuniambia kwamba wanafunzi wake wengi wa mwaka wa kwanza wangekataa kuiamini. Wanaamini wastani kama watu wanavyoamini dawa ya kienyeji. Wastani wa mchapuko unatosha kukupa kasi ya mwisho. Hautoshi kukupa umbali, kwa sababu umbali unajali ni lini kasi ilipungua.

Anayeona ugumu hapa na afikirie sacco. Watu wawili wanaweka shilingi 12,000 kila mmoja kwa mwaka. Mmoja anaanza na mafungu makubwa Januari na kumalizia na madogo Desemba. Mwingine anaanza na visenti na kukimbizana na deni la ahadi yake Novemba. Desemba 31 akiba zao zinalingana, lakini faida hazilingani, kwa kuwa shilingi ya Januari imefanya kazi miezi kumi na miwili na ile ya Novemba imefanya kazi miwili. Kasi unayoipunguza sekunde ya kwanza inakuokolea mita katika kila sekunde inayofuata. Unayoipunguza sekunde ya mwisho haikuokolei chochote cha maana.

Barabarani, tunaoendesha magari wengi wetu ni dereva wa pili. Kwanza kuna muda wa akili kung'amua na mguu kuhama, na kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, sekunde moja tu ya kushangaa ni mita 20 zilizokwenda bure. Halafu kuna desturi ya kugusagusa breki tukitumaini kwamba mwenye miguu atakimbia. Barabara ya kutoka Kikuyu, isitoshe, inateremka kuja mjini. Na tangu barabara ya juu ya kulipia ilipofunguliwa mwaka 2022, yale magari yanayotoka Mlolongo huteremka upande wa James Gichuru yakiwa yamezoea kilomita ishirini na kitu zisizo na mtu wa kuvuka. Mazoea ya mguu hayateremki haraka kama gari.

Nimekwisha kumsifu dereva wa tatu, sasa nimseme. Ndani ya gari lake kuna watu.

Siku moja nilikuwa kwenye matatu ya kutoka Kikuyu, na pale Kangemi mama mmoja mzee aliinuka mapema ajiandae kushuka, kama wanavyofanya wengi kwa kuogopa kupitishwa. Breki zikashikwa. Akabebwa hadi kwenye magoti ya abiria wa mbele. Alipojikusanya akamgeukia makanga: "Wewe kijana, mwambie mwenzako asitumwage hivi." Makanga, kwa adabu kabisa, akajibu: "Pole shosh. Lakini dere hajakimbia, tuko tu na foti." Mama akasema si kukimbia, ni vile anavyoshika breki. Makanga akarudia kwamba dere hajakimbia. Wakaendelea hivyo hadi mama akashuka, na hakuna aliyekuwa mwongo.

Mazungumzo hayo yamenikaa kichwani kama mwanaisimu kuliko kama abiria. Mama alilalamikia badiliko. Kijana alijibu kuhusu hali. Mama alikuwa na kitenzi kizuri, kumwaga, lakini hakuwa na nomino ya kuisimamisha hoja yake ili ijibiwe. Kijana naye alikuwa na nomino moja tu kichwani, spidi, na kwa kuwa spidi ilikuwa sawa, kesi ilikwisha. Ukiangalia vizuri, hata sheria zetu zimempa kijana yule silaha hiyo. Kanuni za Michuki za mwaka 2004 zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo, na sina ugomvi nazo. Ila kidhibiti mwendo hujua jambo moja: kasi imepita 80 au haijapita. Namna kasi inavyopandishwa na kushushwa chini ya hapo, hakina habari nayo.

Tena kilichomwangusha mama yule si mchapuko wenyewe. Mwili wa binadamu unavumilia mchapuko vizuri ukipewa nafasi ya kujipanga. Gari likianza kupunguza kasi taratibu, misuli hukaza, mkono hutafuta chuma, unaegemea nyuma kidogo bila hata kufikiri. Hata mchapuko ukifika mkali, unaukuta umeshajiandaa. Kinachoangusha ni mchapuko kutokea ghafla: sekunde hii sifuri, sekunde ijayo nane. Ni kasi ya kubadilika kwa mchapuko. Kama mchapuko ni badiliko la kasi, hiki ni badiliko la badiliko. Wahandisi wa lifti na wa treni wanakijua sana na hukiwekea mipaka. Ndiyo maana lifti nzuri katika majengo ya katikati ya jiji hukufikisha ghorofa ya ishirini bila tumbo kubaki chini, na lifti mbovu hukushtua ukienda ghorofa mbili tu.

Kitu hiki kinahitaji jina. Wapo wanaokiita mshtuko, lakini mshtuko una kazi nyingi mno tayari: wa umeme, wa moyo, wa habari mbaya. Pendekezo langu ni mkutuo. Limetokana na kitenzi cha zamani kutua, maana yake kuvuta au kusukuma kwa ghafla, kama mvuvi anavyoukutua mshipi samaki akidonoa. (Lisichanganywe na kule kutua kwa ndege au kutua mzigo, shina la hicho ni -tua, na la hiki ni -kutua, kwa hivyo tunasema kukutua.) Mkutuo basi ni kipimo cha jinsi mchapuko unavyobadilika kadiri muda unavyopita. Dereva wa kwanza katika mfano wetu ana mkutuo mmoja mkubwa pale anapoanza na mwingine pale gari linaposimama. Kile kichwa chako kinachorudi nyuma gari linapotulia ndicho hicho cha pili. Dereva wa pili ana mkutuo mdogo mwanzoni, abiria wake wako salama kwa sekunde nne, na mwenye miguu hayuko salama. Dereva wa tatu amemwokoa mwenye miguu kwa mkutuo mkali wa mwanzo, na amemmwaga shosho.

Bila maneno haya hatuwezi hata kuuweka mgogoro huo mezani. Tutaendelea kuulizana kama dere alikimbia au hakukimbia. Tukiwa nayo tunaweza kusema kwamba dereva hodari ni yule anayeona mapema, anayeanza kupunguza kasi akiwa mita 80 badala ya 40, ili asilazimike kuchagua kati ya aliye nje na aliye ndani. Na mkufunzi wa shule ya udereva anaweza kumwonyesha mwanafunzi wake kwamba mguu wake una makosa ya aina mbili.

Mkanganyiko huuhuu haukai barabarani tu. Msomaji atakuwa amesikia redioni kwamba mfumuko wa bei umepungua, kisha akaenda dukani akakuta unga ni uleule wa ghali, akaamini kwamba anadanganywa. Hakudanganywa, hakufasiriwa. Bei ni kama umbali. Mfumuko wa bei ni kasi ambayo bei zinapandia. Oktoba 2022 kasi hiyo ilikuwa asilimia 9.6 kwa mwaka. Oktoba 2024 ilikuwa asilimia 2.7. Mchapuko katika kipindi hicho, ukichukua mwanzo na mwisho wake, ulikuwa hasi, kama gari linaloshika breki. Lakini gari linaloshika breki bado linasonga mbele, na bei bado zilikuwa zinapanda, ila taratibu zaidi. Ili zirudi zilikokuwa, kasi yenyewe ingepaswa kuvuka sifuri na kuwa hasi. Wanasiasa wa kila upande hufurahia sana mkanganyiko huu, kila mmoja kwa zamu yake. Mhariri anayeandika kwamba "gharama ya maisha imeshuka" pale ambapo takwimu zinasema mfumuko umeshuka ametafsiri kasi kwa umbali, na katika mtihani wa kidato cha tatu angenyimwa alama.

Nikirudi kwenye istilahi, naelewa kwamba Watanzania wana mwendokasi, na kwamba tangu mabasi ya Dar es Salaam yenye njia zao wenyewe yaanze kazi mwaka 2016, neno hilo limekuwa jina la basi kuliko jina la kipimo. Mtu hupanda mwendokasi, hukosa mwendokasi, na hata hukaa kituoni saa nzima akisubiri mwendokasi. Sioni ubaya wowote. Maneno huenda yanakotaka. Lakini kwa ajili ya kipimo, napendekeza tubaki na kasi peke yake, tuuachie mwendo kazi yake pana ya kujongea kwa jumla, na umbali tuuite umbali. Alama za barabarani zibaki zilivyo, hakuna atakayekosea.

Kwa walioniandikia kuuliza kuhusu upatanisho: mchapuko na mkutuo ziko katika ngeli ya U-I. Mchapuko huu ni mkali, michapuko hii ni mikali. Mkutuo uliomwangusha, mikutuo iliyowaangusha. Kasi haibadiliki katika wingi, na tunasema kasi yake, kasi zao. Kitenzi ni kuchapuka kwa gari lenyewe, na kuchapua au kuchapuza kwa dereva: gari limechapuka, dereva amelichapuza. Mwandishi wa habari anayetaka kutuambia kwamba dereva aliongeza kasi ghafla anaweza kuandika kwamba alilichapuza gari, na atakuwa ameokoa neno zima.